Ottilie na Kona ya Kinu

Bonde letu lina ugonjwa wake, nao ni mbio. Uwanja wa mashindano ya magari uko nyuma ya kilima tu, na upepo ukivuma kutoka huko tunasikia injini zikilia tangu asubuhi. Basi kila mwanamume wa hapa, hata muuza jibini, anaamini kwamba aliumbwa awe dereva wa mashindano, ila bahati ikamkataa. Wakikaa kwenye meza yao ya Ijumaa, bia mbele yao, hawazungumzi habari za wake wala za wajukuu. Wanazungumza matairi.

Katika bonde hilo la mabingwa wa mdomo, dereva wa kweli alikuwa mmoja tu, naye ni mpiga kinanda cha kanisa: jirani yangu, Ottilie Hennes.

Ottilie ni binti wa mwoka mikate. Tanuri la baba yake liligusana ukuta na kanisa la Hasselrath, na alipokuwa mtoto alizoea kukimbilia kwenye roshani ya kwaya kutafuta ubaridi. Huko alimkuta mpiga kinanda wa zamani, akakaa miguuni pake, na alipoinuka alikuwa anajua kupiga. Maisha yake yote ya kazi alikaa dirishani posta akigonga mihuri. Hakuolewa. Ukimwuliza sababu anakwambia hakupata mwanamume anayejua kunyamaza muziki unapopigwa.

Zamani kila kijiji kilikuwa na padri wake na mpiga kinanda wake. Siku hizi vijiji vitatu, Hasselrath, Oberkehr na Dommersfeld, vina padri mmoja na Ottilie mmoja. Misa ikiisha kwetu, yeye hushuka ngazi mbio, viatu vyake vya kukanyagia pedali za kinanda mkononi, na kabla watu wa Oberkehr hawajamaliza kukohoa na kujipanga, amekwisha kukaa roshani, juu yao, anapiga. Alipostaafu posta alijinunulia gari la kazi hiyo: la kijani, la viti viwili, limeinama chini mno. Mimi kuingia naweza, kutoka nahitaji maombi.

Kiti cha pili ni changu. Naimba sauti ya pili katika kwaya ya Oberkehr, na ukiniondoa mimi, sauti hiyo inabaki kwa mama mmoja asiyesikia vizuri.

Sasa, kwetu kila gari lina matairi ya aina mbili, ya kiangazi na ya majira ya baridi na theluji, nayo hubadilishwa kwa kalenda ya kanisa. Ya kiangazi hufungwa Pasaka, hufunguliwa Oktoba, na hakuna anayeangalia kipimajoto. Jumamosi Kuu kila ua una jeki, na mtu ambaye Pasaka inamkuta na matairi ya baridi atataniwa mpaka achoke. Mwaka ule Pasaka iliwahi, ikatuangukia Machi, theluji bado imelala kwenye vivuli vya vilima. Jeki zilitoka vilevile.

Matairi ya Ottilie ya kiangazi yalikuwa yamebaki vipara, lakini alikuwa na zawadi. Volker, mtoto wa kaka yake, ambaye kila likizo hulipeleka gari lake uwanjani, alimletea seti yake ya matairi ya mashindano, hayajatumika sana. Alisema yanashika lami kama gundi. Meza nzima ya Ijumaa ilikuja uani kuyapapasa kama watu wanaonunua farasi. Mimi niliuliza mbona mifereji yake ni michache hivyo, wakacheka, wakaniambia Marlies, wewe imba.

Jumapili iliyofuata, siku ya Komunyo ya kwanza, mvua ilinyesha, ile baridi ya kuingia mfupani. Tulitoka Hasselrath kwenda Oberkehr. Kwenye Kona ya Kinu, penye kinu cha zamani cha kusaga ngano, kona aliyoipita tangu enzi za baiskeli, kwa mwendo wake wa siku zote, gari lilituacha. Usukani ulikwenda kulia, gari likaenda lilikotaka. Nikaona kinu, nikaona tulikotoka, nikaona kinu tena, kisha tukawa tumetulia katikati ya shamba la mtu, tumegeuka nyuma.

Hatukuumia, wala gari halikuumia. Ottilie alilirudisha barabarani taratibu, tukafika, akapiga Misa yote huku vidole vikitetemeka. Watoto wenye nguo nyeupe hawakujua kitu. Mimi nilijua. Ilipokwisha alibaki amekaa, mikono magotini, akiitazama.

"Imekwisha, Marlies," aliniambia. "Kona ile naijua kama baba yangu alivyojua mkate. Kama imenishinda leo, basi mikono imekwisha, na macho pia."

Nilimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Akaniambia koleo lenyewe ndiye yeye.

Wiki hiyohiyo alimwendea Baba Paroko, akamwambia kwamba Pentekoste ndiyo itakuwa mara yake ya mwisho. Hakuna basi Jumapili kwetu. Kuacha gari ni kuacha kinanda, na Ottilie bila kinanda sijui angekuwa nani. Baba Paroko alisikitika kweli, lakini hakukawia kutoa stoo sanduku la umeme la kupiga nyimbo zilizorekodiwa. Tulijaribu kuimba nalo. Halichelewi, ni kweli, ila halisubiri mtu avute pumzi. Nilirudi nyumbani nimekasirika hata sikumsalimu paka.

Aprili ilipokaribia kwisha Ottilie aliniomba nimsindikize kwa Ewald Schmickler, fundi wetu na muuza matairi, alikague gari ili aliuze. Ewald alilizunguka, akachutama, akayapapasa matairi ya Volker, akasema atakayelinunua ana bahati kwa matairi hayo peke yake.

"Haya, Bi Ottilie, yakishapata moto, hata ukitaka kuteleza huwezi."

"Yanapata moto baada ya muda gani?" Ottilie aliuliza, nadhani kwa adabu tu.

"Inategemea. Kule uwanjani, mizunguko miwili ya kasi. Barabarani ukanyage hasa, tena kwa muda. Siku za baridi huenda yasipate kabisa."

"Na gari likisimama?"

"Yanapoa. Unaanza upya."

 Niliona midomo ya Ottilie ikihesabu, kama anavyohesabu kabla kwaya haijaingia.

"Ewald, hebu nisikilize. Mimi naendesha dakika chache tu. Kisha gari linasimama nje ya kanisa Misa nzima, na Baba Paroko unamjua, akipanda mimbarini hashuki. Kisha dakika chache nyingine. Ndiyo Jumapili yangu."

Ewald alikuna kichwa. Nilimwuliza na mvua je, mvua ya baridi. Akakubali, kwa sauti ya mtu anayeungama, kwamba mvua na matairi yale havipatani: mifereji ni michache, maji hayana pa kupita, na mpira wenyewe ukiwa baridi unakuwa mgumu. Hakuwa amewaza. Hakuna aliyewaza, wala Volker mwenyewe. Bonde zima liliona matairi ya mabingwa, likafuata mkumbo.

Ottilie akaketi juu ya rundo la matairi pale pale, na koti lake zuri.

"Marlies," akasema. "Si mimi."

"Si wewe," nikamwambia.

"Si mimi."

Kisha akalia, kisha akacheka, kisha vyote viwili, na Ewald maskini akaenda kutafuta kahawa. Mimi nilijisikia kama niliyevuliwa viatu vinavyobana. Kwa wiki kadhaa nilikuwa namwomboleza mtu aliye hai.

Habari ya kuuza gari haikutajwa tena. Alisema anataka kuona matairi mengine, kuona tu, hajaamua, kisebusebu na kiroho papo. Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, basi Ewald alianza na ndugu wadogo wa yale ya Volker, yanayopendwa na meza ya Ijumaa. Ottilie alimwuliza swali moja: pakiwa na baridi na barabara imelowa, gari litasimama wapi? Ewald akayarudisha. Akaleta mengine, magumu, ya kudumu miaka, na Ottilie akaligonga moja kwa kiganja na kuuliza linaimbaje.

"Linaimbaje?"

"Barabarani. La gari la mkate la baba lilikuwa linavuma sauti moja njia nzima, nami nikifika kanisani nauanzisha wimbo kwa sauti hiyohiyo. Watu walikuwa wanapasuka koo."

Ewald alisema ameuza matairi tangu ujana wake na hajapata kuulizwa hivyo, lakini alijibu: hayo yanavuma, tena sana. Yakarudi. Kisha akashusha sauti kama anayeuza magendo, akataja yale ya misimu yote, ambayo mtu hayafungui mwaka mzima, na kwetu huyatumia vikongwe tu. Ottilie alimtazama mpaka akaona haya. "Sijafika huko," alisema.

Mwishowe alichagua matairi ya kiangazi yaliyokuwa yamepangwa pembeni. Ni ya gari la mwendo, ndiyo, mabega yake magumu yasilegee kwenye kona, lakini katikati yana mifereji mirefu ya kupitisha maji, na mpira wake unashika tangu gari linapotoka uani. Si ya haraka kuliko yote, na Ewald alitaka alijue hilo. Ottilie akajibu kwamba Misa haina kombe.

Lililobaki ni Volker. Alikuja kuchukua zawadi yake, mtu mzima mwenye ndevu, uso umemshuka.

"Shangazi, nilitaka uwe na kilicho bora. Ningekuua."

"Ni bora, mwanangu. Ila si kwa Misa. Ingia ndani, kuna keki."

Ungedhani mambo yakaishia hapo. Lakini Mei ilikuja kavu, jua kila siku, na Ottilie akaendesha vizuri tu, na bado hakwenda kwa Baba Paroko kulirudisha neno lake. Nilimsukuma, nikamsihi, nikamtukana kidogo. Alisema pakavu hata toroli linashika. Ewald amempa sababu nzuri, lakini sababu nzuri ndiyo mtu mzee anayoitafuta. Hataki kuishi kwa kujidanganya. Mpaka aipite ile kona kwenye mvua. Na mvua haikunyesha.

Ilinyesha Pentekoste. Tuliamka imeshuka, baridi, imefunga vilima. Kwetu Hasselrath alipiga, tukashuka ngazi, tukaondoka. Tulipokaribia kinu nilishika mlango nikaanza Salamu Maria, nikafika kwenye "umejaa neema." Yeye hakupunguza kwa woga wala hakuongeza kwa kiburi. Alipinda usukani, na gari likapinda. Basi. Likatoka upande wa pili limeshika njia.

"Umeona?" aliniuliza.

"Nilifumba macho."

Akapunguza mwendo, akageuza gari, akairudia kona kutoka upande ule, akageuza tena, akaipita mara ya tatu ili mimi nione. Niliona. Mvua ilikuwa inamwagika, na Ottilie Hennes anacheka kwa sauti, machozi yanamtoka, na mikono yake iko pale inapotakiwa kuwa.

Kwa hiyo tulichelewa. Tulipoingia, Baba Paroko alikuwa amekwisha kuweka kidole kwenye sanduku. Ottilie alipanda na viatu vyake vya mvua, akaanza kabla hajakaa vizuri.

Mwisho wa Misa, kabla ya baraka, Baba Paroko alifungua karatasi, akasema kwa uchungu kwamba leo, ndugu wapendwa, tunamuaga dada yetu. Hakufika mbali. Ottilie alivuta vishikio vyote vya kufungulia sauti za kinanda, na wimbo wa kutokea ukashuka kutoka roshani mpaka madirisha yakatetemeka. Akaupiga beti zote. Baba Paroko alisimama, karatasi mkononi, mpaka ulipokwisha. Ndipo Ottilie akainama juu ya ukingo.

"Unisamehe, Baba. Mikono yangu ni mizima. Yalikuwa matairi."

 Muuza jibini, kwenye benchi lake, akageuza shingo.

"Umefunga yapi sasa?"

Watu wakacheka, na Baba Paroko akacheka kuliko wote, akatoa baraka huku anajifuta macho. Mimi sikuwa nimeimba hata ubeti mmoja, nilikuwa nalia. Ottilie aliniona, akaja akanishika mkono tushuke. Mkono wake ulikuwa mkavu, una joto, na haukutetemeka. Nje mvua ilikuwa bado inanyesha, na Dommersfeld walikuwa wanatusubiri.