Mjakaranda Uliokuja Kuchukua Nyumba

Niliwahi kuamini, kwa moyo wote na akili zangu zote za masomo ya jioni, kwamba mti uliopandwa na kikundi cha mtaa ukishapita bati la nyumba yako, kiwanja kinageuka msitu wa serikali na wewe unafunga virago. Habari hiyo nilipewa na kinyozi wangu wa Mlandege, mashine ikinguruma sikioni, nikatoka pale na nusu ya kichwa haijanyolewa kwa haraka ya kwenda kuitangaza. Kufika jioni Kihesa nzima, ninakoishi, ilikuwa inajua, na nusu yake ilijua kutoka kwangu.

Msinicheke. Kijijini kwetu kupanda mti si jambo la bustani. Ukimwazima mtu shamba, utamruhusu alime mahindi, maharage, hata viazi. Siku akichomeka mche mmoja, ukoo unaitishwa. Mwenye mti ndiye mwenye ardhi, basi. Watoto wanajua hilo kabla hawajajua kujifuta kamasi.

Sasa wanamtaa wakaunda kikundi cha kurudisha miti. Mteremko wetu ulikuwa umebaki kipara. Mvua ikinyesha udongo wote unahamia Ipogolo, kule bondeni, na kiangazi vumbi lilikuwa zito hata majirani tukawa tunatambuana kwa sauti tu. Wakaja na mwenyekiti wao, mama mmoja mwenye jembe refu kuliko yeye, wakachimba shimo mbele ya mlango wangu. Mche wa mjakaranda. Salamu za Kihehe, kamwene, kamwene, makofi, picha za simu. Nilicheka kuliko wote, huku jicho likipima mche utafika batini baada ya muda gani. Nyumba yangu ni vyumba viwili, lakini kila tofali nililifyatua mwenyewe, na ndimo nilimomleta mama yangu nguvu za kulima zilipomwishia.

Kukataa ningekataaje? Mtaa mzima ungeniona adui wa maendeleo. Nikaamua kuuwahi. Kila ulipopita usawa wa dirisha niliukata kilele kwa panga, na aliyeuliza nilimwambia naupa umbo. Kumbe mti ukikatwa kichwa haufi, unaota vichwa sita. Haukupita muda ukawa mfupi lakini mpana kama hema la harusi, na kila asubuhi nilitoka kuulinganisha na bati kabla hata sijanawa uso. Upepo ukiinua tawi, na roho yangu juu.

Mama akaupenda. Akatandika mkeka chini yake, akawa anachambulia maharage pale. Siku moja akasimamisha ungo.

"Huu mti uliupanda wewe?"

Nikamwambia hapana, ni kikundi.

Akakusanya maharage yake, akaingia ndani. Nilipomfuata nilimkuta anapanga khanga kwenye sanduku, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwenda msibani. Akasema ni heri aondoke mwenyewe kuliko kuja kuondolewa mbele za watu, na kwamba ningemwambia mapema asingeleta hata kile kinu chake.

Hapo utani wote uliniisha. Niliteremka kwa mwenyekiti, kandambili moja ikabaki njiani na sikuirudia. Nikamkuta anamwagilia miche nyuma ya nyumba. Nikamweleza yote: kinyozi, bati, panga, sanduku. Nikamwomba kama kiwanja wanakitaka, waniambie leo, nimtafutie mama pa kulala, asije akakuta vyombo vyake barabarani.

Aliweka ndoo chini, akanitazama miguu, kisha uso.

"Baba, mti hauchukui kiwanja cha mtu. Tuliupanda pale kwa sababu maji ya mtaa mzima yanapita mlangoni kwako, na nyumba ya kwanza kuondoka nayo ingekuwa yako. Mti ni wako. Acha kuukata, na umwambie mama atoe nguo sandukuni."