Visu Alivyovifuata Nyumba kwa Nyumba

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa bombani hapa Nachingwea nasubiri zamu yangu ya maji. Aliyepiga simu alikuwa mdogo wa kike wa mchapaji wangu, kutoka Ruangwa, na hakuzunguka. "Kaka, dada ametutoka alfajiri. Moyo umemshinda. Tunamzika leo Matambarale, baada ya alasiri." Nilimwachia jirani ndoo zangu nikarudi nyumbani kutafuta kanzu, na njiani machozi yakanitoka mbele ya watu. Lakini kwa kuwa nimezoea kuwaambia ukweli wasomaji wa safu hii, hata ule usionipendeza, nitakiri jambo moja. Machozi yalipokauka, nilijikuta nimeshusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia mgongoni. Simaanishi ile faraja tunayopeana misibani kwamba marehemu amepumzika na maradhi. Nilifarijika kwa sababu ameondoka akiwa amemaliza kazi moja ambayo wengi wetu tungeiacha, na kwa sababu sehemu ya uchafu aliousafisha ilikuwa ni yangu.

Wengi wenu mmesoma kazi ya mikono yake bila kujua. Mimi ni mtu wa kalamu na daftari, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyechapa makala haya katika steshenari yake ndogo karibu na stendi. Alichapa haraka, kinywa chake kikienda haraka kuliko vidole. "Kaka, hii umeshaisema mwezi uliopita," angeniambia bila kugeuka, na mara nyingi alikuwa sahihi. Kisha steshenari zikawa nyingi mjini, watu wakaanza kutumiana barua kwa simu, mashine yake ya fotokopi ikawa inakaa siku nzima imefunikwa kitambaa. Akatazama wenzake wanavyouza vitu mtandaoni, viatu, mikoba, vyombo, na siku moja akarudi kutoka Dar es Salaam na boksi la visu vya kukunja, vile vidogo vya kutia mfukoni. Vilikuwa na mpini mweusi na tai aliyechorwa kwenye bapa. Alivinunua kwa bei ya kutupa, na ukikishika kimoja ulijua kwa nini: kilikuwa chepesi kama kijiko cha bati.

Kwenye picha, hata hivyo, vilipendeza. Alikipangusa kisu kwa mafuta ya kula, akakilaza juu ya ubao wa mkorosho, pembeni akaweka chungwa lililokatwa katikati. Chungwa lile alilikata kwa kisu cha jikoni alichokuja nacho kutoka nyumbani. Nilikuwepo, niliona, nikacheka. Ndipo akaniambia, "Sasa wewe mwandishi, niwekee maneno." Nikamwekea. Niliandika kwamba ni chuma cha ng'ambo, kwamba makali yake hayachoki, kwamba ni kisu cha shamba na cha safari ambacho mtu ataweza kumwachia mwanawe. Sikuuliza ng'ambo ipi. Sikukata nacho hata kamba ya kiatu. Nilifurahi tu kuona jinsi maneno yalivyokaa vizuri chini ya picha, na yeye akafurahi zaidi, kwa maana vilianza kutoka siku hiyohiyo. Aliwatumia watu kwa mabasi na kwa bodaboda, Naipingo, Chiola, kwao Matambarale, mpaka boksi likaisha akaagiza jingine.

Manung'uniko yalikuja taratibu. Mmoja aliandika kwenye kundi la wateja kwamba bapa limepinda kwenye muhogo. Mwingine alisema msumari wa mpini umechomoka. Yeye aliwajibu kwa upole mara ya kwanza, mara ya pili akawaondoa kundini. Siku moja nilimwambia, "Dada, watu wanalalamika." Akanijibu, "Kaka, hata simu ukiidondosha inapasuka. Mbona hawaendi kumsema aliyewauzia simu?" Lilikuwa jibu la mtu anayejua kwamba ana kosa na bado anatafuta pa kuliegesha. Nililitambua vizuri kwa sababu nami nilikuwa nimeliegesha la kwangu kwake. Mwuzaji ni yeye, nilijiambia. Mimi nilichangia sentensi tatu.

Msimu wa ufuta ulipofika, alikuja mama mmoja wa Chiola. Alikuwa mtu mzima, Mmwera, Kiswahili chake ni kile cha mnadani, na mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kiganja. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikingoja makala yangu yatoke. Alisalimia vizuri, akauliza habari za nyumbani, kisha kwa mkono wa kushoto akafungua pindo la kanga akatoa kile kisu cheusi na kukiweka mezani. Alikuwa akikata kamba ya katani kwenye mdomo wa gunia, kisu kikajikunja chenyewe, bapa likarudi juu ya vidole vyake. Hospitali walimshona, lakini wakamwambia kidole kimoja huenda kisikunjike tena. Marehemu alikwisha kusimama, na nilimwona anajiandaa kwa ugomvi. Yule mama akasema, "Sikuja kugombana, mwanangu. Nimekuja unioneshe kinavyofungwa. Mjukuu wangu alinisomea maneno yote, kisu kizuri hiki. Labda mie ndiyo sikijui."

Sijawahi kusikia neno lililoniumiza kama lile. Angetutukana tungejitetea. Lakini yeye alisafiri na mkono wake mbovu kuja kutafuta kosa lake, kwa kuwa aliyaamini maandishi kuliko jeraha lake mwenyewe, na maandishi yale yalikuwa yangu. Marehemu alikichukua kisu, akakikunjua, akasikia kifungio kinavyolia tak, kisha akaugusa mgongo wa bapa kwa kidole gumba, kidogo tu. Kikajikunja. Akarudia. Kikajikunja tena. Akasema kwa sauti ya chini, "Si wewe, mama. Ni kisu. Nilikuuzia kitu kibovu, na nilikuwa najua ni kibovu." Yule mama akatikisa kichwa, akasema, "Basi waambie na wengine."

Nilidhani atangoja mpaka yule mama aondoke, apoe, apate mawazo mengine. Hakungoja. Alinigeukia pale pale. "Yale maneno uliandika wewe. Andika na haya." Nikachukua kalamu, na aibu iliyoje, mkono wangu ukaanza kuandika kama ulivyozoea: "Kutokana na changamoto zilizojitokeza katika baadhi ya bidhaa zetu..." Alisoma akichungulia begani kwangu mpaka hapo, akaninyang'anya daftari, akakata mstari mzima. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa: "Visu nilivyowauzia ni vibovu. Vinajikunja vyenyewe na kukata watu. Msivitumie. Nakuja kuvichukua." Akayarekodi na kwa sauti, kwa ajili ya wasiosoma, akawarudisha kundini wote aliowaondoa, akawatumia. Matusi aliyopokea siku ile siwezi kuyaandika gazetini. Aliyasikiliza yote, moja baada ya jingine, na mwisho akaniuliza, "Kesho una kazi gani?"

Ndivyo nilivyojikuta kwa wiki kadhaa, mtu wa umri wangu, nimepakiwa nyuma ya pikipiki nafuata visu. Anwani za wateja zote zilikuwa kwenye ujumbe wa simu yake, na alizipitia bila kuruka hata moja. Aliyetaka fedha yake alirudishiwa, aliyetaka kisu alipewa kingine, kilichofuliwa na fundi mmoja wa Ruangwa kwa springi za malori, kizito, kisichokunjika, kisicho na tai yeyote. Mtu wa kwanza Naipingo alitukatalia. Alikuwa baba mmoja mwenye kofia ya mkeka, alisimama mlangoni na kisu chake mkononi. "Nakujueni nyie," alisema. "Mnavikusanya mkaviuze Masasi." Marehemu hakubishana naye. Alitoa kisu kingine cheusi mfukoni mwake, akachomeka ncha yake kwenye ufa wa jiwe la kizingiti, akaegemea. Bapa likapinda kama sahani ya karatasi. Yule baba alilitazama, akacheka mpaka akashika mbavu, akamwita mkewe aje aone. Kisha akatukabidhi cha kwake, tukaletewa mihogo ya kuchemsha, na kabla hatujaondoka alikuwa ameshatuelekeza nyumba nyingine mbili.

Sitaki mfikirie kwamba kila mahali ilikuwa hivyo. Kuna nyumba tuliyofukuzwa. Kuna kijana aliyempigia kelele mbele ya watu na yeye akasimama mpaka kelele zikaisha. Tukirudi siku ile jua likituchoma, alisema, "Kaka, hili jua ni dogo kuliko aibu." Lakini alivyokuwa akiendelea nilimwona anabadilika. Alianza kulala vizuri, aliniambia. Alianza kupokea simu bila kutazama kwanza nani anapiga. Na alipoanza kuuza tena mtandaoni, safari hii visu vya yule fundi, alipiga picha bila mafuta na chini yake akaandika mwenyewe: "Mpini umechubuka kidogo upande wa kushoto. Kinahitaji kunolewa." Nilimwambia hatauza. Aliuza taratibu, kwa watu wachache, na wachache hao walirudi.

Kilibaki kisu kimoja. Mnunuzi wake alikuwa mama kijana aliyehama Matambarale na simu yake haikupatikana tena. Marehemu alimtafuta kwa kila aliyemfahamu. Ugonjwa ulipomwanza, miguu ikawa inavimba na hawezi kupanda ngazi mbili bila kukaa, bado aliniuliza habari za kisu hicho kila nilipokwenda kumwona kwa mdogo wake, Ruangwa. "Ana watoto wadogo yule," alikuwa akisema. "Watoto wanapenda vitu vyeusi vinavyong'aa." Kisha mwezi uliopita nilimkuta amekaa kitandani, uso umejaa furaha, simu kifuani. Mama yule alikuwa amepiga mwenyewe, kutoka kwa wakwe zake, baada ya kupata habari kwa shangazi yake. "Unajua ameniambiaje?" akasema. "Ameniambia, dada, kile kisu kilivunjika siku ileile kilipofika, nilikata kitunguu kimoja tu, nikakitupa chooni!" Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka mdogo wake akaja mbio na maji. Mimi nami nilicheka, na sote wawili tulikuwa tunalia. "Miezi yote hii nakosa raha," alisema akijifuta, "kumbe kiko chooni. Kaka, nimepona." Kwa daktari hakuwa amepona. Lakini nilielewa alichosema.

Kwa hiyo nilikwenda Matambarale nikiwa na hofu moja tu. Nilijua kwamba kabla ya swala atasimama mtu wa familia na kuuliza kama marehemu alimkosea yeyote, na nilijua waliokatwa na vile visu wengine wangekuwepo, kwa kuwa huku tunazikana. Baba yake mdogo alisimama, akauliza. Niliinamisha kichwa, nikawa nahesabu pumzi zangu. Halafu kutoka safu ya nyuma mzee mmoja akasema kwa sauti iliyosikika na wote, "Alikuja mwenyewe mpaka nyumbani. Hatuna kitu naye." Wengine wakaitikia, huyu na yule. Tulipotoka makaburini nikapita uani kuwapa pole kina mama, na pale kwenye masufuria nikamwona yule mama wa Chiola akipepeta mchele. Kidole kimoja kilikuwa kimenyooka, hakishiki ungo. Nikamuuliza habari ya mkono. "Kidole ndiyo kimekataa," alisema. "Nkono unafanya kazi. Na ntu wangu nimekuja kumzika."

Tunaishi wakati ambapo mwuzaji na mnunuzi hawaonani. Zamani mtu akikuuzia jembe bovu ungekutana naye mnadani wiki inayofuata, na uso wake ungekulipa kiasi. Sasa kati yetu kuna picha iliyopakwa mafuta na maneno ya mtu kama mimi, na ni rahisi sana kuamini kwamba upande wa pili hakuna mkono wala kidole. Vijana wengi wa wilaya zetu hizi mbili, Nachingwea na Ruangwa, wanaishi kwa biashara ya simu, nami siwalaumu, kwa maana ni riziki na inawafikisha wasikofika kwa miguu. Ninachowaomba ni kwamba bidhaa waijaribu kwanza wenyewe, na sisi tunaoandika tujaribu kabla ya kusifu. Tangu siku ile sijasifu kitu ambacho sijakitumia, na kwa sababu hiyo nimeandika sifa chache sana.

Lakini somo alilonipa marehemu si la kutokosea. Alikosea, tena akijua, na nilimsaidia. Alichonionesha ni kwamba kosa lina anwani, na anwani inafikika. Inahitaji miguu, na uso wa kusimama nao mlangoni kwa mtu mwenye hasira, na ulimi wa kusema "ni kibovu" bila kupamba. Yeye alianza akiwa bado na miguu. Kama angengoja hata mwaka mmoja, asingeweza kufika Naipingo, na maneno ya yule mzee yasingesemwa. Nanyi mnaonisoma, kama kuna nyumba mnayoikwepa, nendeni wiki hii.