Sukari Niliyoikataza Mwenyewe

Mdogo wangu alipata ugonjwa wa sukari akiwa na miaka kumi na mmoja, mwaka wa tatu tangu tutoke Kivu na kupewa kiwanja Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Alikunywa maji bila kutosheka, akakonda, kisha siku moja akalala na hakuamka vizuri. Wakampeleka hospitali ya Mbarara. Mama alibaki na wadogo, mimi nikaenda kumtunza, kwa kuwa nilikuwa nimeshaacha shule. Sikuona vibaya. Kupitia dirisha la wodi nilichagua kabisa nyumba ambayo siku moja ningefungua saluni.

Kitanda cha pili alilala mtoto wa askari, mwenye ugonjwa huohuo. Muuguzi alisema Kinyankore, nisichokijua, na mama wa mtoto yule akanitafsiria. Muuguzi aliongea muda mrefu, mara akishika tumbo, mara akitetemesha mikono kama mtu mwenye baridi. Mke wa askari alisikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Amesema hivi. Sindano asubuhi na jioni. Sukari hapana. Soda hapana. Asali hapana. Umeshika?"

"Ni hayo tu?"

"Hiyo ingine ni maneno ya dakitari. Wewe shika hiyo."

Nikashika. Yeye ndiye aliyenifundisha kudunga, kwanza kwenye chungwa. Siku moja mwanawe alianza kutetemeka na kutoka jasho, naye akamnywesha soda, kifuniko kwa kifuniko. Moyoni nilisema huyu mama anadekeza mtoto.

Tuliporudi Nakivale nilifanya kazi yangu vizuri kupita kiasi. Dawa niliiweka ndani ya chungu, juu ya mchanga wenye maji, isipate joto. Sukari yote ya nyumbani niliigawa. Kisha nikapita mlango kwa mlango nikiwaambia majirani kwamba atakayempa mtoto huyu kitu kitamu atakuwa amemuua. Waliniamini. Hata watoto wenzake walimnyima muwa. Nilijiona karibu daktari.

Kwaya ya watoto kanisani kwetu ilikuwa na desturi yake: kila walipotakiwa kuimba mbele ya wageni Jumapili, Jumamosi walifunga mpaka saa kumi. Aliyekula haimbi. Safari hiyo mdogo wangu alipewa kuanzisha wimbo peke yake. Asubuhi nilimdunga kama kawaida, nikamwekea uji, nikaenda kusuka nywele za jirani. Uji aliwamwagia bata. Hilo nililijua baadaye.

Saa sita akaja msichana wa kwaya, mbio, akiniita yaya, yaani dada mkubwa, kama watoto wote wa kwetu.

"Yaya! Mudogo wako ameanguka! Anasema maneno haieleweke!"

Nilimkuta amelazwa kwenye benchi, amelowa kama aliyenyeshewa. Kiongozi wa kwaya, mtu mpole, alikuwa amemwekea mkono kichwani, na watoto wanaomba kwa sauti. Mimi niliangalia mikono ya mdogo wangu. Ilitetemeka vilevile kama ya mtoto wa askari.

"Amekula?"

"Anafunga, kama benzake," kiongozi alisema.

Nilikimbia kwa mama aliyeuza chai nyuma ya kanisa.

"Mama, nipe sukari! Mudogo wangu anakufa!"

Akalikumbatia kopo lake la sukari kwa mikono miwili. "Yule mutoto? Hapana. Si ni weye ulikuja hapa kusema tutamuua?"

"Nilikosea!"

"Juzi ulijua, leo ulikosea. Kesho batasema ni mimi niliua mutoto ya batu. Ende uite mama yako."

Sijawahi kumnyang'anya mtu mzima kitu. Siku hiyo nilivuta. Kopo likafunguka, nusu ikamwagika chini, nikakimbia na iliyobaki, yeye nyuma yangu akipiga kelele.

"Dada, leo ni kufunga," kiongozi aliniambia aliponiona.

"Yeye asifunge. Mumushike kichwa."

Akanitazama, kisha akamshika. Nililowanisha sukari kwa maji, nikampaka ndani ya mashavu, kidogo kidogo. Kwamba sindano bila chakula humaliza sukari mwilini nilifundishwa baadaye; saa ile sikuwa na hakika. Nilikuwa na picha moja tu, ya kifuniko cha soda, dhidi ya yote niliyoyatangaza kwa miezi miwili. Inawezekana nilikuwa ninamuua, nami nilijua hivyo. Akameza. Nikaongeza. Mama wa chai alifika mlangoni, akasimama akitazama.

Baada ya muda kutetemeka kulipungua. Macho yake yakanipata. Akalamba midomo, akaelewa.

"Yaya, umenikulisha?"

"Ndiyo."

Akaanza kulia. "Basi siimbi."

Watoto wote walimgeukia kiongozi. Yeye alitazama kopo, akamtazama mdogo wangu, akajifuta jasho.

"Utaimba," alisema. "Na hautafunga tena. Muletee chakula."

Mama wa chai ndiye aliyeleta, mihogo ya kuchemsha na maharage, sahani imejaa. Watoto ishirini ambao hawakuonja kitu tangu jana walikaa kwenye mabenchi wakimwangalia. Msichana aliyekuja kuniita aliuliza, kwa matumaini, kama ugonjwa huo unaambukiza.

Mdogo wangu alifuta machozi, akachagua kipande kikubwa, akaanza kukitafuna polepole. Hakuwa na haraka yoyote.