Falone alisikia mpunga, akadhani ni dhahabu

Falone Mugisho anavuta kiti, anafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa kiganja, kisha anaandika mstari mmoja wa herufi ndogo kwenye ukurasa mweusi. Hakuna vitufe vya rangi wala vijipicha vya kubonyeza. Anataja faili la asubuhi hii, mita ya kuanzia na ya kumalizia, na dakika anazotaka kuziona. Anabonyeza kitufe cha kutuma amri, anangoja.

Jua la Kasongo, mji wa mashariki mwa Kongo, ndiyo kwanza linagusa paa la kontena linaloitwa ofisi. Nje, Pitchou, mwenzake wa kazi, anafuta paneli za sola kwa fulana kuukuu. Picha inajitokeza taratibu. Umbali unakwenda kutoka kushoto hadi kulia, muda unashuka kutoka juu, na mstari mnene umeikata yote mshazari.

"Hii ni pikipiki, inatoka Kabambare," anasema, akiufuata mstari kwa kalamu. "Angalia, hapa imepunguza mwendo. Kuko dimbwi kubwa pale, dereva lazima ashushe muguu. Na ule mwembamba, ule ni mutu anatembea."

Dimbwi lenyewe hajawahi kuliona kwa macho. Analijua kwa kompyuta tu, kama vile watu wengine wanavyomjua shemeji wa mbali kwa sauti ya simu.

Kando ya barabara hiyo kumefukiwa kebo yenye nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Nyuzi hizo ndizo zinazobeba simu na intaneti. Uzi mmoja una kazi nyingine: mtambo unarusha mwanga ndani yake, na popote ardhi inapotikisika, mwanga unaorudi hubadilika kidogo. Mtambo huandika mabadiliko hayo, na programu ya Falone huyageuza kuwa picha.

"Watu wananiuliza kama nasikia siri za nyumba zao," anasema na kucheka. "Hapana! Maneno haipiti mule. Minaona mushindo tu."

Kazi yake kwa kampuni yenye kebo ni kumwona mtu anayechimba juu ya kebo kabla jembe halijaifikia. Ikikatika, simu za Kasongo zinabaki za kutazamia saa, na mgonjwa aliyekuwa anangoja ndugu zake wamtumie pesa ya dawa anaendelea kungoja.

Anaandika amri ya pili. Safari hii anataja mita za kijiji kimoja tu, Lukamba. Picha inatoka tupu, bila hata alama moja.

"Bado," anasema kwa sauti ndogo. "Hawajarudi."

Ili kuelewa kwa nini picha tupu inamuumiza hivyo, inabidi kwanza kujua alikokulia. Baba yake, mzee Mugisho, alitoka Kivu ya Kusini akahamia Salamabila kutafuta dhahabu. Falone alilelewa kati ya mashimo, mama yake akikaanga mandazi ya kuwauzia wachimbaji.

"Kule, mushindo wa chini njo saa yetu," anakumbuka; njo kwao ni ndiyo. "Unaamuka, unasikia baramine. Huyu anapiga, mwenzake anapokea, wa tatu anapokea. Unajua papa yuko kazini, leo tutakula."

Baramine ni mtalimbo wa chuma wa kuvunjia mwamba. Mtoto aliyelelewa na sauti hiyo haisahau hata akiwa mtu mzima, na Falone ni mtu mzima sasa, ana miaka ishirini na tisa na mtoto mmoja. Alisoma kompyuta Kindu mpaka baba alipougua na karo ikakosekana. Kazi hii aliipata kwa mkataba wa miezi mitatu, ambao umekuwa ukifufuliwa kila unapokaribia kufa.

Msimu uliopita wa mavuno, alama mpya zilianza kuonekana Lukamba. Kila alfajiri palepale, pembeni kabisa ya kebo, ardhi ilipigwa kwa zamu, mmoja akipiga na mwingine akipokea. Falone alizitazama siku chache.

"Nikasema, hawa watu wamepata dhahabu," anasimulia. "Sikuwaza kitu ingine. Mutu wa Salamabila, unamuonyesha mishindo tatu zinafuatana, atakuambia nini?"

Akaandika ripoti kwamba kuna watu wanachimba shimo juu ya kebo. Hakuwa na chembe ya shaka.

Walinzi wa kampuni walipofika Lukamba, hawakukuta shimo. Walikuta uwanja mgumu kama sakafu na vinu vitatu vya mbao, wenyewe wakiwa kanisani. Lakini agizo lilisema kila kinachopiga ardhi karibu na kebo kiondolewe. Watu wazima wenye akili zao wakapakia vinu kwenye gari, wakafunga utepe mwekundu kuzunguka uwanja, wakaondoka.

Mwandishi wa makala haya amejitahidi kutocheka, kwa sababu kwa wanawake wa Lukamba hapakuwa na la kuchekesha. Uwanja ule ndio duka lao. Hapo hutwanga mpunga kabla ya kwenda shambani, wanawake watatu kwa kila kinu, michi ikifuatana. Wanunuzi wa Kasongo husimamisha pikipiki kwa sababu wanauona mchele ukitoka kinuni, mweupe na mpya. Bila uwanja, kila mmoja hutwanga peke yake nyuma ya nyumba, na wanunuzi wanapita bila kusimama.

Mama Julienne, mjane wa kijiji hicho, hakungoja kuitwa. Alipanda nyuma ya pikipiki hadi Kasongo na kuingia kontenani na matope yake miguuni.

"Nilikuja kutafuta kinu yangu," anasema alipohojiwa nyumbani kwake. "Papa yangu alinichongea siku ya ndoa. Nimezaa watoto sita, kinu iko. Bwana amekufa, kinu iko. Leo munaniambia kinu imefanya kosa gani?"

Falone anasema alimkaribisha kiti, akamuuliza kwa heshima: "Mama, asubuhi pale munafanyaka nini?"

"Tunatwanga. Wanawake wa kwenu hawatwangi?"

Falone akamwomba ampigie simu binti yake, Subira, aazime kinu kwa jirani, atwange uwanjani na wenzake wawili, wapumzike kidogo, watwange tena. Yeye akaandika amri yake na kungoja. Picha ikatoka na alama zilezile za kila alfajiri. Zikakatika. Zikaanza tena.

"Nilisikia aya mupaka ndani ya masikio," anasema Falone. Aya ni haya, na hata sasa anaposimulia anatazama sakafu. "Mashine haikudanganya. Ilisema ardhi inapigwa. Habari ya shimo, ile niliongeza miye."

Jioni hiyo aliandika ripoti ya pili kuifuta ya kwanza, huku akijua kwamba mkataba wake ulikuwa umebakiza majuma machache. Msimamizi wake, Gédéon, anasema hakuona sababu ya kumfukuza. "Ripoti ya kwanza nilitia sahihi hata mimi," anasema. "Tukianza kufukuza, tutamalizana."

Kampuni ikakubali kwamba kebo imefukiwa chini ya kutosha na kinu hakiwezi kuidhuru. Utepe ukaondolewa. Gari likarudisha vinu, likavishusha kando ya barabara, likageuza.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Vinu vimerudi, uwanja uko wazi, na hakuna anayetwanga hapo. Lukamba ina utaratibu wake: chombo cha jikoni kilichochukuliwa kwa kusingiziwa hakirudi kazini mpaka aliyesingizia aje, atwange nacho mpunga wa kwanza mbele ya wenyewe, upikwe, wote wale.

"Hatuna kisirani na ule mutoto," anasema mama Julienne. "Lakini gari haiombi musamaha. Akuje mwenyewe."

Muda nao hauwasubiri. Mpunga wa msimu huu umeshavunwa, na wanunuzi wameanza kuzoea kusimama kijiji cha mbele. Wakishazoea kabisa, Lukamba itabaki na uwanja wake na utaratibu wake, bila mteja.

Kwa nini basi Falone hajaenda? Kwanza anataja mvua na barabara. Anabanwa kidogo, anataja zamu za kazi. Mwishowe anakiri.

"Siyui kutwanga," anasema. "Salamabila muchele tulinunua kwa mufuko. Nitasimama mbele ya wamama wale, mupunga iruke yote chini, watacheka mupaka nitalia."

Kwa hiyo anajifunza. Kila akitoka kazini anapitia kwa Pitchou, ambako mke wa Pitchou, Laetitia, anamshikisha mchi. Viganja vyake vimetoka malengelenge, na anavionyesha kwa fahari kidogo. Kuku wa nyumba hiyo wamenenepa.

"Anapiga kama mutu anaua nyoka," anasema Laetitia. "Lakini siku hizi, nusu ya mupunga inabaki ndani."

Jumamosi hii ndiyo siku. Falone ameshanunua mpunga kwa pesa yake na ameshaongea na dereva wa pikipiki. Mama Julienne amepewa taarifa kwa simu, naye amejibu kwamba yeye mwenyewe na Subira watashika michi miwili iliyobaki. Hatimaye Falone ataliona lile dimbwi.

Kuna jambo moja zaidi amelipanga. Asubuhi hiyo Pitchou atakaa kwenye kiti chake, ataandika ile amri, atataja mita za Lukamba.

"Nimemwambia aangalie vizuri," anasema Falone, akiufuta mstari wa mwisho kwenye ukurasa mweusi. "Akiona mishindo mbili zinafuatana muzuri, na ya tatu inachelewa, inachelewa, asiandike ripoti. Njo miye."