Uso Wangu kwa Ukuta wa Depo

Mwaka 1989, nikiwa na miaka ishirini na tatu, bwana yangu alikufa, na shida ilianza siku ileile tulipotoka makaburini. Ndugu zake wakachukua parseli yetu ya Masisi, kiwanja na nyumba yake. Walisema mwanamuke anakaaka tu kwa nyumba, hajengi kitu. Mawe ya msingi niliyabeba mimi, kamba ya muzigo kwenye paji la uso, lakini hakuna mahali niliandikwa.

Nikashuka Goma na mutoto mugongoni. Nikabeba mbao za watu kule Birere, kamba ileile, mpaka nikaanza kuuza zangu, nikafungua depo, duka la mbao. Shuleni niliishia mwaka wa pili. Maandishi yananishinda, lakini picha naisoma vizuri.

Mwaka jana nilimuita muchoraji: "Chora mwenye depo kwa ukuta, watu wamuone kutoka mbali." Nikaenda Rutshuru kufuata mbao. Kurudi, naona nini? Mwanaume! Tena na karavati shingoni!

"Papa, huyu ni nani?" nikamuuliza muchoraji.

"Mwenye depo, mama. Anachorwaka hivi."

Mutoto wangu, yule wa mugongoni, sasa na ndevu zake zote, akatazama chini. Kumbe ni yeye alimutuma. "Mama, wateja wanaogopaka kununua mbao kwa mwanamuke."

"Na masomo yako ililipwa na karavati ya nani?"

Weh! Motari wakazima pikipiki zao. Mama wa mikate akaacha mafuta yanachemka, akaja mbio. Mutu mmoja akapiga kelele: "Mwanamuke kwa ukuta anachorwaka akiuzisha sabuni!"

"Basi enda uoge nayo!" mama wa mikate akamujibu. Barabara nzima ikacheka.

Muchoraji akakasirika. "Mukono ni yangu. Niko na haki ya kuchora vile naona."

"Mukono ni yako, ndiyo. Ukuta ni yangu. Na vile unaona, mashemeji yangu walionaka mbele yako. Siku nitakufa watasimama hapa, waonyeshe huyu papa wako, waseme depo ilikuwa ya ndugu yao."

Sikufichi, niliona furaha: miaka yote ile nilikuwa sijasema neno hilo mbele ya watu.

Nikakaa juu ya mbao. Muchoraji akafuta yule papa na karavati yake, akanichora mimi. Lakini alinichora laini kama bibi-arusi, paji la uso halina lile bonde ambalo kamba iliniachia.

"Nimekusaidia, mama. Ile alama ni mubaya."

Kabla sijafungua kinywa, mutoto wangu akamurudishia burashi mukononi. "Iweke. Wakati inaingia, mimi nilikuwa mugongoni."

Leo niko na depo moja. Mashine mbili za kupasua mbao. Chukudu ine, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Parseli mbili, karatasi zake kwa jina langu. Na uso wangu kwa ukuta, pamoja na bonde lake.