Nilipakia Ngoma kwenye Baiskeli ya Kijiji

Ndugu wa ukurasa huu, jina langu lificheni, na la kijiji pia, maana huku gazeti moja husomwa na watu wengi mpaka linachanika. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na mitatu, Muha wa Kasulu, shule niliishia darasa la nne. Nilikuja Urambo kutafuta kazi ya tumbaku nikiwa na nguvu zangu, nikaoa hukuhuku, na kilipoanzishwa kijiji cha ujamaa nikaandikishwa kama mwenyeji. Mwaka juzi tulikuwa tunakata kuni za bani, lile jengo la kukaushia tumbaku, gogo likaniangukia kiunoni. Tangu siku hiyo miguu ninayo lakini si yangu.

Mwaka mzima mke wangu alinibeba mgongoni. Asubuhi ananipeleka banda la kuchambua tumbaku, jioni ananirudisha. Watu walimtania, "Shemeji, mtoto wako huyo mbona hujamwachisha ziwa?" Anacheka nao. Akifika nyumbani analia.

Ndipo mkutano wa kijiji ukakubali niagiziwe baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono, kwa fundi mmoja mzee wa Cheyo, Tabora mjini. Nitamwita Mzee Salumu, si jina lake. Aliileta mwenyewe kwa treni, akanikalisha, akaniambia, "Mwanangu, hii ni ya mtu mmoja. Usipakie hata gunia." Nikasema nimesikia, mzee. Siku ile nilikwenda chooni mwenyewe. Nyie mnaotembea hamwezi kujua maana yake.

Mwenyekiti naye alisema mbele ya wote kwamba baiskeli ni mali ya kijiji, nimepewa kwa kazi na hospitali tu. "Ukiichezea tunampa mwingine." Na huyo mwingine yupo, mama mmoja aliyepooza tangu utoto, anatambaa.

Sasa sikieni nilichofanya. Baada ya mavuno nilipata habari kwamba Waha wenzangu wanaopasua mbao Usinge watashindana ngoma na Wanyamwezi wa huko. Kwetu nilikuwa mpigaji ngoma, na nina miaka saba sijaisikia ngoma ya kwetu. Nikamwambia mwenyekiti kwamba naenda hospitali Tabora. Nikapanda treni ya upande wa pili, ya Usinge, mimi na mke wangu.

Mashindano yenyewe hayana mwamuzi. Ngoma mbili zinaanza pamoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watu wanahamia wanakopenda. Jua likizama, mwenye upande mtupu kashindwa. Siku ile watu walikuwa kama siafu, na ilipofika saa tisa watazamaji wetu walikuwa wanatukimbia. Wanyamwezi wakatuimbia, "Waha, fungeni virago, treni ya Kigoma inapiga honi!" Uwanja mzima ukacheka.

Kiongozi wa ngoma yetu akanijia jasho likimtiririka. "Ndugu yangu, leo tunaaibishwa ugenini. Hicho kigari chako kinazunguka?"

"Kinazunguka."

"Basi tupandishe ngoma kubwa, uipige wewe."

Mke wangu akanishika bega. "Baba Asha, mzee alikataza."

Ningeweza kusema hapana. Nilisema, "Pandisheni."

Wakaifunga ngoma mbele yangu, wanaume wawili wakapanda nyuma wakasimama, wengine wakatuzungusha. Nikapiga. Jamani, nilipiga! Watu waliacha upande wa pili wakaja mbio, kina mama wanapiga vigelegele, mtu mmoja anapaza sauti, "Mtazameni kiwete anavyoruka!" na neno lile kwa mara ya kwanza halikuniuma. Chuma cha nyuma kilikatika katikati ya kelele hizo. Nilijiona niko chini, ngoma juu yangu, na watu bado wanashangilia, wakidhani ni mchezo. Tulishinda.

Kijijini nikasema imekatika njiani kutoka stesheni, nikiwa nimekaa peke yangu, sijapakia kitu. Nilidhani watasema ni bahati mbaya, basi. Mwenyekiti akawaka. "Mzee ametuletea chuma kibovu!" Wakamnyang'anya kazi ya kutengeneza mikokoteni ya kijiji, na vijiji jirani vikaonywa visimpe kazi.

Wiki iliyopita Mzee Salumu alikuja. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Hukuumia?" Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza. Akakaa mchangani, akakigeuza kile chuma juani, akapitisha kidole pale kilipokatika.

"Nimechomelea vyuma tangu ujana," akasema. "Labda macho yameanza kuniacha. Hebu niambie, uliingia shimoni? Nataka nijue nilikosea wapi, nisije nikamuua mtu."

Nikasema, "Sijui, mzee."

Akaitikia kwa kichwa. Akasema atanitengenezea nyingine kwa chuma chake mwenyewe, kisha atafunga karakana, kwa sababu fundi asiyeyaamini macho yake hana haki ya kushika kazi za watu.

 Nimemwambia mke wangu nataka kwenda ofisi ya kijiji kusema kweli. Ana mimba ya miezi saba. Akaniuliza, "Wakiichukua hiyo baiskeli mpya, nitakubebea wapi, juu ya tumbo hili?" Hakusema kwa hasira. Nikinyamaza, mzee mwema anakwenda kaburini akijiona ameharibika mikono na macho. Nikisema, mke wangu atainama tena, na mimi nitapanda.

Ndugu zangu, baiskeli mpya inakuja na mzee mwenyewe mwezi ujao. Mimi sina tena mtu wa kumuuliza. Ningekuwa baba yenu au mume wenu, mngetaka nifanye lipi? Niandikieni kupitia ukurasa huu, hata kama ni kwa kunitukana, ila msichelewe, kwa sababu akishafunga karakana sitajua nimfuate wapi.