Nilisaini Karatasi ya Baba Mkwe Bila Kuisoma

Admin, nifiche jina, ingawa mawifi zangu wamo humu na watajua kuwa ni wazazi wao wanaosemwa. Wajue tu. Nina miaka 33, ni muuguzi, nimeolewa Kinyala huku Rungwe. Nina watoto wawili, wa kike ana miaka minane na wa kiume minne. Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina.

Mwaka jana nilihamishwa kikazi kutoka Tukuyu kwenda Katavi. Kituo kipya, nyumba ya mtumishi haijaisha, nikaambiwa nitabanana na mwenzangu chumba kimoja. Mume wangu ni dereva wa malori, wiki tatu hayupo. Tukakubaliana watoto wakae kwa wazazi wake mpaka nipate nyumba. Hayo ndiyo maneno yetu, mpaka nipate nyumba.

Siku ya kuwapeleka nilikuwa jikoni kwa mama mkwe namenya ndizi. Akaja na karatasi na kalamu, "Baba yenu anasema usaini, ni ya kumwandikishia mtoto shule." Mzee mwenyewe alisimama nje ya mlango, namsikia anakohoa. Wasio Wanyakyusa niwaeleze: kwetu mkamwana, yaani mke wa mwana, hamtazami baba mkwe usoni, hakai naye, habishani naye, wala jina lake halitaji. Kwetu Kisiba, nilikozaliwa, nimelelewa hivyo. Nikianza kusoma mstari kwa mstari na yeye anasubiri pale, ni kama namwambia simwamini. Nikainamisha kichwa, nikasaini juu ya sinia. Na vyeti vya kuzaliwa nikawapa, vile halisi. Msomi mzima.

Nyumba nilipata baada ya miezi saba. Mwezi huu nimechukua likizo nije kuwachukua wanangu. Yule wa kiume aliponiona uani akakimbilia ndani, "Bibi, yule mama wa Katavi amekuja." Nilikaa chini palepale. Mama mkwe akatoka na ile karatasi, hata karibu hakusema. "Ulishatukabidhi kwa maandishi. Unataka kutufanya sisi watoto?" Ndiyo nikaisoma mara ya kwanza. Imeandikwa nimewakabidhi watoto kwa babu yao awalee kama wake. Muda haujatajwa, shule haijatajwa. Majirani wawili wamesaini kama mashahidi, na juu ya saini yangu ipo ya mume wangu. Alijua, akanyamaza.

Nikampigia. "Watoto wako kwao, shida yako nini? Ukimpeleka baba yangu mahakamani usirudi kwangu." Akakata.

Nikaenda ustawi wa jamii. Dada wa pale alinisikiliza vizuri, akasema karatasi ile hainiondolei haki yangu ya mama, ila wanaweza kuitumia kudai niliwatelekeza watoto, na kadiri wanavyozidi kukaa kule, mahakama nayo itaangalia kwamba wameshazoea. Akaniambia ningeandika mwenyewe mapema, watoto wanakaa hadi lini, nani anaamua matibabu na shule, halafu vyeti halisi nibaki navyo. Sasa imebaki niombe amri ya malezi mahakamani, na binti yangu anaweza kuulizwa anataka kukaa na nani. Hilo swali ndilo linanitisha, maana sijui atajibu nini.

Nikamkimbilia mama yangu mzazi anitie moyo. Akasema, "Ukasimame mbele ya baba mkwe wako umbishie? Mimi sikuzaa mtu wa hivyo." Kwa hiyo nipo peke yangu. Wakwe zangu nawachukia, mume wangu simsamehi, na mimi mwenyewe najichukia kwa heshima yangu ya kijinga. Nitukaneni mkitaka, nimeshajitukana vya kutosha.

Ijumaa likizo inaisha. Fomu ya mahakama nimejaza yote, imebaki sehemu moja tu, jina la ninayemlalamikia. Tangu niolewe sijawahi kulitamka jina la yule mzee, wala kuliandika popote. Nishaurini ndugu zangu, niliandike, au nipande basi peke yangu?